Msukosuko Ndani ya Tangi: Vile Mafuta Yanayocheza Yanaweza Kuangusha Roketi ya Mabilioni

Usiku wa kuamkia 28 Mei 2025, kama ulikuwa macho mtandaoni badala ya kulala, uliona kioja. Starship, roketi kubwa kuliko zote zilizowahi kuundwa, ilifika juu vizuri, enjini zikazimwa kwa mpango, kila mtu akapiga makofi. Halafu ikaanza kujizungusha. Polepole kwanza, kisha ikawa haishikiki tena. Mwishowe ilirudi kwenye anga ya dunia ikiwa haina usukani na ikavunjika vipande juu ya Bahari ya Hindi.

Wasee walicheka, memes zikaundwa, maisha yakaendelea. Kampuni ya SpaceX ilisema chanzo kilikuwa kuvuja. Sawa. Lakini zile picha za chuma kikubwa kikizunguka ovyo zinafungua stori ambayo watu wa roketi wamekuwa wakipigana nayo tangu 1958, na ambayo ndiyo itaamua kama binadamu atarudi mwezini hivi karibuni au tutaendelea kungoja.

Stori yenyewe si enjini, wala kompyuta. Ni kitu unakijua kutoka jikoni: kioevu kikiwa ndani ya chombo kinachotikisika hakitulii. Ukikisukuma, kinasukuma pia. Na ukikizungusha, manze, hapo ndio noma huanza.

Anza na yai

Kabla twende mbali, chukua mayai mawili, moja bichi na moja la kuchemsha. Yaweke juu ya meza na uyazungushe yote kama pia. La kuchemsha litazunguka fiti, kwa spidi, bila wasiwasi. Lile bichi litazunguka kivivu, likiyumbayumba, na litachoka haraka.

Sasa jaribu hii. Zungusha yai bichi tena, kisha liguse kwa kidole lisimame, na uachilie mara hiyo hiyo. Litaanza kuzunguka tena lenyewe! Ganda ulilisimamisha, lakini ute na kiini ndani vilikuwa bado vinaendelea na safari. Lile la kuchemsha ukilisimamisha, limesimama, kwisha.

Hiyo ndiyo sayansi yote kwa ufupi. Chombo chenye kioevu ndani ni vitu viwili vilivyofungiwa pamoja, na havisikilizani kila wakati. Kuta zinaambiwa na enjini zifanye hivi, kioevu kinachelewa kupata habari, kikizipata kimeshapitiliza, na kinarudi na hasira.

Ukiongea na dere yeyote wa lori la mafuta barabara ya Mombasa, atakwambia tangi lililojaa kabisa lina heshima kuliko lile la nusu. La nusu ukikata kona, mzigo unahamia upande mmoja baada ya wewe kumaliza kona. Ndiyo maana matangi hayo hugawanywa kwa kuta za chuma ndani. Roketi ni hilo lori, tofauti ni kwamba sehemu kubwa mno ya uzito wake wakati wa kuruka ni mafuta. Starship ikiwa imejazwa hubeba zaidi ya tani 1,000 kwenye ile sehemu ya juu peke yake. Chuma ni kama ganda la yai tu.

Kwani lazima chombo kizungushwe?

Swali la haki. Kama kuzunguka kunaleta shida, si waache tu?

Shida ni kwamba angani hakuna barabara wala hewa ya kushikilia kitu. Ukikirusha chombo bila kukizungusha, msukumo mdogo tu unakigeuza, na kitaendelea kugeuka. Lakini kitu kinachozunguka kina msimamo. Gurudumu la bodaboda likiwa kwa spidi ni gumu kulilaza. Pia ikiwa inazunguka inasimama kwa ncha yake, ikiishiwa spidi inaanguka. Kwa hivyo njia ya bei rahisi zaidi ya kuweka setilaiti ikielekea upande mmoja ni kuizungusha na kuiacha.

Na hapa sisi Wakenya tuna historia ambayo watu wengi hawaijui. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano lililosimama baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa Kiswahili kabisa, kwa heshima ya siku yenyewe. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na katalogi yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Ilifanyaje kazi? Kwa kuzunguka. Ilijigeuza mzunguko mmoja kila dakika 12 hivi, na macho yake yakafagia anga kidogo kidogo. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alikuja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hivyo kuzunguka si ugonjwa, ni dawa. Lakini kama dawa yoyote, ukikosea kipimo inakugeuka.

Aibu ya 1958

Setilaiti ya kwanza ya Marekani, Explorer 1, ilirushwa 31 Januari 1958. Warusi walikuwa wameshatangulia na Sputnik miezi michache kabla, kwa hivyo presha ilikuwa juu. Explorer 1 ilikuwa nyembamba kama kalamu: urefu wa mita 2 hivi, upana wa sentimita 16 tu. Mainjinia waliizungusha kwa mhimili wake mrefu, vile risasi huzunguka ikitoka kwa bunduki. Hesabu zao zilisema itaendelea hivyo milele.

Haikuendelea. Muda mfupi baada ya kufika juu, iligeuka yenyewe ikaanza kuzunguka kilalo, kama rungu lililorushwa, kichwa kikifuata mkia. Hakuna mtu aliyeigusa. Hakuna upepo. Kwani nini ilitokea?

Mkosaji alikuwa antena nne laini zilizotokeza ubavuni kama waya. Chombo kikiyumba hata kidogo, antena zilipinda na kunyooka, zikipinda na kunyooka. Kila kupinda kulikula nguvu kidogo na kuigeuza kuwa joto. Na hapo ndipo kuna sheria ambayo ukiielewa, umeelewa stori hii yote.

Kitu kinachozunguka angani bila kuguswa hakiwezi kuutupa mzunguko wake. Hakuna mahali pa kuupeleka. Lakini nishati yake kinaweza kuipoteza kwa joto. Sasa, ukiwa na mzunguko ule ule lakini nishati inapungua, kuna njia moja tu ya kutokea: kugeuka hadi uzunguke kwa namna ambayo uzito wako umetawanyika mbali zaidi na mhimili. Kwa kalamu, hiyo ni kuzunguka kilalo. Kwa sahani, ni kuzunguka vile sahani huzunguka kawaida.

Kwa Kiswahili cha mtaani: kalamu inayozunguka kama risasi inaishi kwa deni. Kitu chochote ndani yake kinachokula nishati kinakuja kudai, na siku ya kudai chombo kinalazwa chini. Sahani haina deni. Ikiyumba, msuguano ndani yake unaituliza.

Ndiyo maana setilaiti nyingi za zamani za mawasiliano ziliundwa zikiwa fupi na nene kama ngoma. Haikuwa fashoni, walikuwa wamechomeka wakajifunza.

Kioevu ni mlaji mkubwa wa nishati

Kama waya nne ziliweza kuangusha setilaiti, fikiria tangi la mafuta.

Bila kuzunguka, kioevu angani kinafanya vituko vyake. Hakuna chini, kwa hivyo hakikai chini. Kinajikunja kuwa tone kubwa, kinashika ukuta, kinaelea katikati. Ukizungusha chombo, kioevu kinasukumwa kwenye kuta za nje, kama nguo kwenye mashini ya kufua, na katikati panabaki pango la gesi. Mpaka hapo ni sawa, kuna mpangilio.

Lakini chombo kikiyumba kidogo, kioevu kinaanza kupanda na kushuka kwenye ukuta. Mawimbi yanazunguka ndani. Kioevu kinasugua kuta, kinajisugua chenyewe, kinakula nishati. Na tofauti na waya wa antena, kioevu kina uzito mkubwa. Kikihamia upande mmoja, kitovu cha uzito wa chombo kizima kinahama nacho. Enjini iliyokuwa inasukuma katikati sasa inasukuma kando. Chombo kinageuka zaidi. Kioevu kinahama zaidi.

Mbaya zaidi ni pale midundo inapolingana. Kila kioevu ndani ya tangi kina mdundo wake wa kwenda na kurudi. Chombo nacho kina mdundo wake wa kuyumba. Midundo hiyo ikikutana, kila kuyumba kunaongezea kingine, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati ule ule kila mara. Na kumbuka, tangi linapoendelea kuisha mafuta, mdundo wa kioevu unabadilika. Inamaanisha injinia hawezi kupima tangi likiwa limejaa halafu aseme kazi imeisha. Lazima ahesabu likiwa robo tatu, nusu, robo, na kila hatua katikati.

Wengine watasema, basi jaza tangi lote, kusiwe na nafasi ya kucheza. Hiyo nayo ilijaribiwa mapema sana. Katika karne ya 19, William Thomson, yule mwanafizikia aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alitengeneza pia za chuma chembamba zilizojaa maji kabisa. Ile iliyobonyezwa kidogo kama chungwa ilizunguka vizuri. Ile iliyorefushwa kidogo kama yai ilianguka papo hapo, hata izungushwe kwa spidi gani. Tofauti ya umbo ilikuwa ndogo sana. Hapakuwa na nafasi hata tone, lakini maji yalikuwa na mawimbi yake ya ndani kwa ndani.

Na si lazima yawe mafuta mengi. Setilaiti ya NASA iliyoitwa ATS-5 ilirushwa 12 Agosti 1969. Ndani ilikuwa na mabomba madogo yenye kioevu cha kusambaza joto. Kioevu kidogo tu, lakini kilikula nishati haraka kuliko ilivyohesabiwa, na setilaiti ikageuka kilalo. Ilipokuja kupata mhimili uliotakiwa, ilikuwa inazunguka kwa upande wa kinyume na ule wa mpango. Majaribio makuu iliyopelekewa yakaharibika.

Nambari 11 kwenye orodha

Stori inayouma zaidi ni ya Elon Musk kabla awe Elon Musk wa leo.

Machi 2007, SpaceX ilikuwa kampuni changa isiyo na jina. Roketi yao ya kwanza, Falcon 1, ilikuwa imeanguka mwaka mmoja kabla, sekunde chache baada ya kuruka. Hii ilikuwa safari ya pili, kutoka kisiwa kidogo cha Omelek katika Bahari ya Pasifiki. Iliruka fiti. Hatua ya kwanza ikaachana na ya pili, ingawa ziligusana kidogo wakati wa kuachana. Roketi ikaendelea kupanda.

Kisha kamera ikaonyesha enjini ikianza kuchora duara. Duara dogo, halafu kubwa, halafu kubwa zaidi. Oksijeni baridi ndani ya tangi ilikuwa imeanza kucheza, na mdundo wake ukaungana na usukani wa enjini. Kompyuta ilijaribu kusahihisha, na kila kusahihisha kukachochea moto. Mwishowe roketi ikaanza kujiviringisha. Sasa mafuta yote yakatupwa kwenye kuta na kuacha mdomo wa bomba, ule wa kulisha enjini, ukiwa mtupu. Enjini ikanyonya gesi. Ikazima. Walikuwa juu zaidi ya kilomita 280, wameshavuka mpaka wa anga, lakini hawakuwa na spidi ya kubaki huko.

Angalia hiyo vizuri: mafuta yalikuwepo. Hayakuisha. Yalikuwa tu mahali pasipofaa.

Na uchungu wenyewe uko hapa. Mainjinia walikuwa wanaijua hiyo hatari. Musk alisimulia baadaye kwamba walikuwa na orodha ya hatari 10 kubwa za safari hiyo, na kucheza kwa mafuta ilikuwa nambari 11. Vibao vya kuzuia vingeongeza uzito, kwa hivyo hatua ya pili ikaruka bila vibao. Baada ya hapo viliwekwa. Safari ya tatu ilianguka kwa sababu nyingine kabisa, na ya nne, 28 Septemba 2008, ndiyo ilifika. Doh zilikuwa karibu kuisha. Kampuni ambayo leo inatawala biashara ya kurusha setilaiti ilikaribia kuzikwa, na mmoja wa wachimba kaburi alikuwa kioevu kilichokosa vibao.

Hata waliofanikiwa waliguswa. Tarehe 20 Julai 1969, Neil Armstrong na Buzz Aldrin wakiwa wanashuka mwezini na Apollo 11, taa ya kuonya kwamba mafuta yanakaribia kuisha iliwaka mapema. Mafuta yalikuwa yanacheza ndani ya tangi na kukiacha wazi kipimo. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha mafuta yalikuwa yamebaki mengi kuliko taa ilivyodai. Fikiria presha hiyo: uko mita chache juu ya mwezi, dunia nzima inasikiliza, na kipimo chako cha mafuta kinakudanganya.

Desemba 1998 nayo, chombo cha NASA cha NEAR kilikuwa kinaelekea asteroidi ya Eros. Kilipowasha enjini kubwa, kompyuta ikahisi msukumo wa kando kupita kiwango, ikazima enjini. Chombo kikapoteza mwelekeo na mawasiliano yakakatika kwa saa 27 hivi. Kufika kwake Eros kukacheleweshwa hadi 14 Februari 2000. Watafiti wameutaja msukosuko wa mafuta kati ya washukiwa.

Dawa zipo, lakini zote zina bei

Si kwamba watu wamekaa tu. Dawa ziko kadhaa.

Ya kwanza ni vibao ndani ya tangi, kama vya lori. Vinavunja mawimbi. Bei yake ni uzito, na kwenye roketi kila kilo ya kibao ni kilo ambayo mteja hakulipia.

Ya pili ni utando wa raba unaobana mafuta upande mmoja na gesi upande mwingine. Inafanya kazi poa kwa matangi madogo. Lakini kwa mafuta yenye baridi kali raba inakuwa ngumu kama kioo, na tangi la ukubwa wa ghorofa ni hadithi nyingine.

Ya tatu ni mapezi membamba ya chuma ndani ya tangi. Kioevu hupenda kushika kona nyembamba, vile maji hupanda kwenye kitambaa. Mapezi yanakivuta taratibu hadi kwenye mdomo wa bomba. Ujanja safi sana, lakini hauwezi kushindana na misukumo mikubwa.

Ya nne ni kuzungusha kama sahani na si kama kalamu, pale umbo linaporuhusu. Roketi, bahati mbaya, ni kalamu.

Ya tano ni hesabu. Na hapa ndipo kazi ngumu iko, kwa sababu ni vigumu kupima haya mambo ukiwa ardhini. Ukijaza tangi maabara, uzito wa dunia unavuta maji chini na kukuharibia jaribio. Ndiyo maana Februari 2005 Wazungu walirusha setilaiti ndogo iliyoitwa Sloshsat, kazi yake ikiwa moja tu: kubeba lita 33.5 za maji kwenye tangi la lita 87 na kupima vile yanavyomsumbua mbebaji. Ndiyo maana pia wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga walipelekewa matangi ya plastiki angavu yenye maji ya rangi ya kijani, wakayasukuma huku na huku kamera zikirekodi. Kwa mtu wa nje inaonekana kama mchezo wa watoto. Kwa injinia, hiyo ni data ya thamani kuliko dhahabu, kwa sababu bila hiyo hajui kama programu yake ya kompyuta inasema ukweli au inamdanganya kwa picha nzuri.

Kwa nini tunaongea kuhusu hii leo

Kwa sababu mpango mzima wa kurudi mwezini umewekwa juu ya kioevu.

Mwaka 2021 NASA iliipa SpaceX kandarasi ya dola bilioni 2.89 ya kutengeneza chombo cha kuteremsha watu mwezini. Mwaka 2023 Blue Origin ya Jeff Bezos ikapewa dola bilioni 3.4 kwa chombo chake. Makampuni haya mawili ni wapinzani wa jadi, lakini mipango yao inafanana kwa kitu kimoja: hakuna anayeweza kufika mwezini kwa tangi moja. Lazima wajaze mafuta wakiwa angani. Starship inahitaji kurushiwa meli za mafuta nyingi, moja baada ya nyingine, kila moja ikiungana nayo na kumimina.

Kumimina mafuta angani si kitu kipya kabisa. Meli za Progress za Kirusi zilianza kupelekea vituo vya anga mafuta tangu 1978. Lakini yale yalikuwa mafuta yasiyohitaji baridi, kiasi kidogo, na yaliwekwa nyuma ya utando. Sasa tunaongea kuhusu oksijeni inayochemka ikipita nyuzi 183 chini ya sufuri, na Blue Origin wanaongeza haidrojeni, inayochemka kwenye nyuzi 253 chini ya sufuri. Yakigusa ukuta wenye joto, yanageuka gesi. Presha inapanda, lazima uachilie gesi, na ukiachilia gesi unakisukuma chombo. Kikisukumwa, kioevu kinacheza. Tumerudi pale pale.

Sasa ongeza hii: meli mbili zimeungana, moja inazidi kuwa nyepesi na nyingine nzito kila dakika. Kitovu cha uzito kinatembea. Mdundo wa kioevu kwenye matangi yote mawili unabadilika kwa wakati mmoja. Kompyuta lazima ishike usukani wa kitu ambacho tabia yake inabadilika ikiendelea kukishika. Njia inayopendekezwa ni kuwasha vijienjini vidogo ili kusukuma meli polepole, mafuta yatulie upande mmoja kama abiria wanavyorudi nyuma mathree ikiondoka steji. Wengine wamependekeza kuzizungusha meli zote mbili pamoja ili mzunguko wenyewe ushike mafuta. Ukishasoma hadi hapa, unajua kwa nini wazo hilo linawafanya mainjinia wakune vichwa.

Tarehe 14 Machi 2024, SpaceX ilijaribu kuhamisha oksijeni kutoka tangi moja hadi jingine ndani ya Starship moja. Hiyo ni kama kumimina chai kutoka thamosi hadi kikombe ukiwa umekaa. Meli kwa meli ni kumimina chai kutoka bodaboda moja hadi nyingine zikiwa barabarani.

Kwa maoni yetu, watu wanaangalia mahali pasipo. Kila roketi ikiruka, macho yako kwa moto chini: enjini ngapi zimewaka, ngapi zimezima. Lakini mtihani wa kweli wa safari ya mwezi utafanyika kimya, bila moto, mafuta yakihama kutoka tangi hadi tangi. Ukitaka kujua kama ahadi za tarehe ni za kweli au ni porojo, usihesabu enjini. Uliza tani ngapi zimehamishwa, na ngapi zilifika.

Na sisi tunaingilia wapi?

Kuna mtu atasema hizi ni shida za mabilionea, sisi hapa tunatafuta unga. Enyewe, hiyo hoja ina uzito. Lakini kumbuka 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku kaunti ya Makueni, pale duara la chuma la upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi lilipoanguka kutoka juu. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni sehemu ya roketi. Hakuna aliyeumia, kwa bahati. Vitu vinavyozunguka ovyo juu yetu havina pasipoti. Na mizoga ya roketi yenye mafuta yaliyobaki ni hatari zaidi, kwa kuwa inaweza kulipuka huko juu na kuwa vipande maelfu. Ndiyo maana siku hizi hatua za roketi hutakiwa kumwaga mafuta yao zikimaliza kazi.

Upande wa pili ni fursa. Kenya ilirusha Taifa-1 mnamo 15 Aprili 2023, kwa kupanda roketi ya wenyewe. Tuna Malindi, tuko karibu na ikweta, na mazungumzo ya kituo cha kurushia roketi hayaishi. Yote ni sawa, lakini jukwaa la kurushia ni simiti na doh. Kitu ambacho hakihitaji simiti ni hesabu. Programu za kuigiza mwendo wa vioevu kama OpenFOAM ni za bure, unazipakua leo usiku. Hesabu zile zile za tangi la roketi ndizo za lori la petroli linalopinduka kwenye kona, ndizo za meli inayoingia Kilindini, ndizo za tangi la maji juu ya ghorofa mtetemeko ukipita. Mwanafunzi wa uinjinia pale Juja au Kisumu akiwa na laptop na subira anaweza kuanza kazi ambayo kampuni za roketi zinalipia vizuri, na akaitumia kuokoa dereva wa lori Salgaa kabla hajaokoa mwanaanga.

SpaceX ilijifunza kwa njia ngumu kwamba hatari nambari 11 haisubiri umalize zile 10. Mataifa yanayopanga kurudi mwezini yanajua hivyo pia, na bado yanakimbizana na tarehe. Kwa hivyo siku ile watatangaza meli mbili zimeungana juu ya dunia ili kujazana mafuta, usiende kulala. Hakutakuwa na moto wala mlipuko wa kuangalia, pengine chuma kinachoelea tu kimya. Lakini ndani ya hicho chuma kutakuwa na mamia ya tani za yai bichi, na mtu mmoja amekaa mbele ya skrini akiomba lisianze kuyumba.

Wewe unaonaje, watatoboa au mafuta yatawacheza tena? Tuambie.